Timu Haipiti Mlangoni

Kwanza lilianguka tofali moja. Lilitua chini kwa sauti nzito, pu, kama mtu anayeshusha gunia la mihogo peke yake. Kikafuata kimya kidogo, kile kimya cha watu kugeuza shingo na kuulizana. Halafu yakaja mengine kwa pamoja, yakibingirika na kukwaruzana, na juu yao viatu vya mpira vyenye meno vikiparua ukuta, kra, kra, kra, miguu ya wanaume wazima waliokuwa na haraka. Mpaka leo lori likimwaga mawe karibu yangu ninasimama palepale. Wenzangu sokoni wanadhani nimekumbuka vita, wananishika mkono kwa huruma, nami ninawaacha wanishike, maana mkono wa mtu ni kitu kizuri. Lakini sikumbuki vita. Ninakumbuka mchezo mmoja wa mpira ambao haukuchezwa.

Mwezi uliopita tulimzika Papa Uketi, aliyekuwa zamu, mlinzi wa uwanja wetu hapa Bunia, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kilio kilikuwa nyumbani kwa binti yake, mtaa wa Lumumba, turubai limefungwa kwenye miti ya ua, wanaume upande mmoja na benchi zao, wanawake upande wa pili na mikeka, sufuria za maharagi zikichemka nyuma ya nyumba. Afoyo alifika kutoka Tchomia na kapu la samaki wa moshi, harufu ikamtangulia, watu wakajua amefika kabla hawajamwona. Afoyo alikuwa kapiteni wetu. Amenenepa vizuri, ananukia ziwa, na bado anatembea mabega mbele kama mtu anayekwenda kugombea mpira wa kona. Tulipokwisha kulia kama inavyotakiwa alinisogelea mkekani akaninong'oneza kwamba amepita uwanjani akija: wameangusha ukuta kwa mashine, watajenga mpya. Nikamuuliza, wote? Akasema wote, hata pengo letu. Tukatazamana. Na hapo katikati ya kilio tukashikwa na kile kicheko kibaya kinachotokea puani, mpaka mama mmoja akatufunika kitenge vichwani akidhani uchungu umetuzidi. Labda hakukosea.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na saba na miguu isiyojua kukaa. Shule nilikuwa nimeiacha, sababu zake ni zile ambazo kila nyumba ya hapa inazijua. Asubuhi niliuza mikate ya mafuta karibu na soko, mchana nilikimbilia mazoezi, na hata kitandani nilipiga mateke, dada yangu akaweka mto katikati yetu kama mpaka wa nchi mbili. Nilikuwa nangoja kitu. Ungeniuliza kitu gani nisingekujibu, ila ilikuwa kama kusikia mlio wa pikipiki mbali, na wewe umesimama barabarani, na haitokei. Timu yetu ya wasichana ilifanyia mazoezi kwenye mteremko nyuma ya tanuru za matofali, ambako mpira ukikupita unashuka mpaka kwenye matope ya mafunjo, na kipa ndiye anayeufuata. Kipa nilikuwa mimi. Kocha wetu, Kambale, alikuwa fundi wa kushona. Jezi zetu alizishona mwenyewe na namba akazikata kwenye mapazia ya zamani, ndiyo maana tisa ya Afoyo ilikuwa na maua. Watu walicheka maua yale. Afoyo alisema wataacha kucheka wakiyaona kwa nyuma tu.

Mali zetu zote, mipira miwili na gunia la jezi, zilikaa uwanjani katika chumba cha Papa Uketi. Chumba hicho kilikuwa chini ya ngazi za saruji walizokalia watazamaji, kwa hiyo dari yake ilishuka kidatokidato, juu mlangoni na chini kitandani. Afoyo aliweza kusimama wima mlangoni tu. Mama Jeanne, mke wa Papa Uketi, alipikia nje lakini alitupakulia ndani, kwa sababu alisema msichana akila mbele ya watu wanaomwangalia, chakula hakishuki. Alikuwa akitupatia bugari wa mihogo na sombe ya majani yake, na siku njema kipande cha makayabo, samaki wa chumvi, kilichokatwa vidogo kila mmoja apate kunusa chumvi. Tulikaa tumebanana, magoti yanagusana, tukisikiliza miguu ya watu juu ya vichwa vyetu. Saruji ile ilikuwa redio. Mtu akikaa juu na kusema siri, inashuka mpaka kwenye sahani yako.

Hivyo ndivyo tulivyosikia. Mchana mmoja viongozi wa mpira walikaa juu kukwepa jua, nasi chini tumenyanyua matonge. Mmoja akasema mvua zikiisha uwanja utafungwa kwa matengenezo, na nani anajua matengenezo ya hapa yanachukua muda gani. Mwingine akauliza, basi tuwape wale wasichana mchezo mmoja kabla haujafungwa? Waanze wao na timu ya wasichana wa Nyankunde, kisha wanaume waingie na mchezo mkubwa. Wa tatu akacheka, akasema sawa, watu wapate kucheka kwanza ndipo walie. Hakuna aliyemeza. Mimi uwanja ule niliutazama tangu mdogo: nguzo za chuma, nyavu, mistari ya chokaa. Nilikuwa sijawahi kudaka mpira ambao nyuma yake kuna wavu. Afoyo naye alijua kwamba mwisho wa mwaka mama yake angemwita Tchomia kwenye biashara ya samaki. Mchezo mmoja. Alirudisha tonge lake kwenye sahani taratibu kama mtu anayeweka yai, akasema, "Mumesikia? Hatutakufa kabla hatujacheza mule."

Nieleze sasa jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua. Katika uwanja wetu timu haikupita mlangoni. Mlango ulikuwepo, wa chuma, umepakwa buluu, mkubwa wa kupitisha lori, na watazamaji waliupita wakisukumana. Lakini mchezaji, siku ya mchezo, hapana. Mlangoni ndipo adui anapofukia dawa, mguu wako ukikanyaga umekwisha. Kwa hiyo timu ziliruka ukuta. Na kwa kuwa ziliruka palepale kila Jumapili, matofali yalilegea, yakatoka, pakazaliwa mapengo mawili: moja upande wa soko, la wenyeji, na moja upande wa mikaratusi, la wageni. Kulikuwa na sheria ya pili juu ya hiyo. Anayeingia wa kwanza anakanyaga kila kilichowekwa, anayemfuata anapita pasafi. Kwa hiyo hakuna aliyetaka kutangulia. Wanaume walipatana: mwamuzi akipiga filimbi, hawa wanaruka huku na wale wanaruka kule kwa pumzi moja, hakuna wa kwanza. Mapengo mawili ndiyo yaliyokuwa yanaleta amani.

Papa Uketi alinieleza historia hiyo akichambua maharagi, na yeye hadithi yake ilikuwa inarukaruka kama maharagi yenyewe. Zamani pale palikuwa malisho ya ng'ombe. Kisha ukaja ukuta, na kila mtaa ulichoma matofali yake ukayaleta, ndiyo maana ukuta ulikuwa na rangi kama kitenge, huku mekundu, huku ya njano, huku meusi ya watu waliozidisha kuni. Wazee walitembea kando yake wakionyesha: haya yetu. Siku za sikukuu wanafunzi waliandamana mle na waheshimiwa wakahutubia. Miaka ya vita watu waliokimbia walilala kwenye majani, mpaka kwenye duara la katikati, na akina mama walipita mapengoni na madumu ya maji kichwani, mapengo yakapanuka. "Mama moja alizaa pale kwa goli," aliniambia, "na mutoto hakulia, tukasema huyu atakuwa arbitre, mwamuzi wa mpira." Hakucheka aliposema hivyo. Alichambua dengu moja iliyopotea ndani ya maharagi, akaitupa kwa kuku.

Kitu kimoja tu kilimfanya agombe. Kila nilipopita mlangoni na beseni langu la mikate aliniita nirudi nikaufunge. Nilimwuliza siku moja, "Papa, sasa mulango unachunga nini, na timu zinaruka ukuta?"

"Mulango ni mulango," akasema. "Siku moja watapita. Na weye funga, mbuzi isiingie."

Mbuzi waliingia kwa mapengo. Walikuwa wanatuangalia wakati huohuo, wanakula majani ya kona. Lakini nilirudi nikaufunga.

Wiki ya mchezo nilikuwa siwezi kushika kitu. Niliunguza mikate, nikamrudishia mteja chenji yake na ya mwenzake. Papa Uketi naye hakutulia. Alikwenda kwa viongozi mara kadhaa akiwaomba waashi, akisema mabinti watacheza kwa mara ya kwanza na ukuta una kinywa kama cha muzee, meno yametoka. Mwisho wakampa fundi mmoja na saruji kidogo. Fundi alianza upande wa mikaratusi, kwa kuwa ndio unaotazamana na viti vya waheshimiwa. Alipanga matofali mapya vizuri, akapitisha mwiko, pengo la wageni likaisha. Kabla hajahamia upande wa soko mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, na saruji iliyobaki ikaloa. Papa Uketi alituita tuone. Alisimama mbele ya matofali yale mapya mikono nyuma, akasema sasa ni uwanja wa mabinti. Sote tukapiga makofi. Kocha akapiga makofi. Mpaka leo ninajiuliza inawezekanaje, watu wote wale na macho yote yale, na hakuna hata mmoja aliyehesabu kwamba limebaki pengo moja.

Jumapili ile jua lilitoka limeoshwa. Watu walijaa mpaka kwenye matawi ya mikaratusi. Tulivaa chumbani kwa Mama Jeanne tukiinamisha vichwa, tukatoka kwa mlango wa chumba, unaofunguka nje ya ukuta, tukauzunguka tukiimba, mpaka pengo la soko. Na pale, wamekaa chini kwenye kivuli, jezi nyeupe, soksi nyeupe, ni wasichana wa Nyankunde. Walikuwa wamekwenda upande wao wakakuta ukuta. Kapiteni wao, Bahati, mfupi, sauti ya upole kabisa, alisimama akatusalimu kwa mkono mmojammoja. Akasema, "Muko wenyeji. Mutangulie, mutuonyeshe njia."

Afoyo akatabasamu. "Mugeni anatangulia, ni heshima. Karibuni sana."

"Heshima tumepokea. Piteni."

"Hapana, dada. Kwetu hatugeuziake mugeni mugongo."

Ungepita ungesema hawa watu wana adabu gani. Waliketi, nasi tukaketi. Waliulizia afya za wazazi wetu, tukaulizia mavuno yao. Ndani filimbi ikalia. Kocha Kambale akaniambia nipande ukutani niwaambie kinachoendelea, lakini nisishushe mguu ndani, hata kidole. Nikapanda. Nikakaa kama mtu juu ya punda, mguu mmoja uwanjani na mguu mmoja mjini. Na nikaona. Jamani. Nyavu zilikuwa mpya, bado zina mikunjo. Chokaa ilikuwa nyeupe mpaka inauma macho. Mwamuzi alikuwa amesimama katikati peke yake na mpira chini ya kwapa, anaonekana kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Watu walianza kupiga makofi ya pamoja, yale ya kuita. Mguu wangu wa ndani ulitetemeka wenyewe, ukapiga kisigino ukutani, tip tip tip, na chini Afoyo akaushika ule wa nje kwa mikono miwili, sijui kunizuia au kujizuia yeye.

"Wanasema nini?" akaniuliza.

Nikamwambia wanatuita.

Filimbi ikalia tena. Kocha Kambale na kocha wa Nyankunde walikuwa wanaamkiana kwa mara ya tatu. Mmoja wetu akapendekeza tuingie wote pamoja, tukajaribu, lakini pengo lilikuwa la watu wawili na kila mmoja alimwacha mwenzake nusu hatua mbele, mpaka tukarudi nyuma sote tukicheka. Tulikuwa tunacheka, hilo ndilo linaloniuma. Hatua chache tu kutoka pale mlango wa buluu ulikuwa wazi, mbawa zote mbili, na Papa Uketi amesimama kando yake na koti lake la sikukuu. Alituita kwa sauti ambayo haikuwa ya kugomba. "Batoto yangu. Mulango iko wazi." Hakuna aliyegeuka. Alisema tena, polepole, kama mtu anayesemesha wagonjwa.

Halafu nikamwona mwamuzi anatazama saa yake. Akaweka mpira chini, akauokota tena, akatembea mpaka kwa viongozi, wakainamiana. Akarudi na kupunga mikono yote miwili juu ya kichwa, ile ishara ya kumaliza. Sikuweza kuwaambia wenzangu. Afoyo aliisoma kwenye mguu wangu, maana ule wa ndani uliacha kupiga ukuta. Wakati huo timu za wanaume zilikuwa zimefika, na hizo hazina muda wa adabu. Wenyeji wakatusukuma wakasimama pengoni. Wageni wao wakaenda mikaratusi, wakakuta ukuta mpya, wakaupanda hivyohivyo na viatu vyao vya meno, saruji haijakauka kwa mvua ile. Tofali moja, pu. Kimya. Halafu yote.

Pengo la pili likawa wazi. Nasi tumekaa chini na jezi safi.

Mama Jeanne alikuwa amepika kwa ajili ya ushindi. Alipika kama mtu anayeoza binti: sombe, bugari, samaki mzima kutoka kwa mama yake Afoyo, ndizi za kukaanga. Aliingiza timu zote mbili katika kile chumba, sijui tulienea vipi, wengine kitandani wamekunja shingo chini ya dari, wengine mlangoni, na juu yetu uwanja mzima unapiga kelele kwa ajili ya wanaume, vumbi la saruji likidondoka kwenye chakula. Tulikula. Watu ambao hawakukimbia hawana jasho la kufuta, mikono haijui iende wapi. Bahati alikuwa amekaa goti kwa goti na Afoyo. Akakata samaki, akampa kichwa, ambacho ni cha heshima, kisha akauliza kwa ile sauti yake ya upole:

"Sasa imeisha. Ninyi muliweka nini pale?"

Afoyo akakipokea. "Siye? Hatukuweka kitu. Ninyi?"

"Hatukuweka kitu."

Papa Uketi alikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje, koti lake bado limefungwa vifungo vyote. Alisema amelala karibu na ule mlango miaka yote hiyo, na usingizi wake ni wa kuku, na hajasikia hata siku moja mtu anachimba. Afoyo akamwuliza, machozi yameshafika puani, kwa nini basi hakusema.

"Nilisema iko wazi," akajibu.

Ndipo tukalia. Wa Nyankunde walilia na sisi, tukafutana nyuso kwa zile jezi nyeupe, na Mama Jeanne akazunguka na sufuria akiongeza mchuzi kwa kila aliyelia, hata kocha Kambale.

Mvua zikaisha, wakafunga uwanja kwa kufuli. Matengenezo hayakuja mwaka ule wala uliofuata. Majani yalipanda mpaka kwenye nyavu, nyavu zikaoza. Afoyo akaenda Tchomia, kocha akarudi Butembo na cherehani yake, na mpira wetu mmoja ukabaki kwenye mafunjo. Mimi nimekaa sokoni. Nina nafasi nzuri, wateja wazuri, na wenzangu wakitaka kitunguu kutoka upande wa pili wananirushia badala ya kutuma mtu, kwa sababu wanajua sikosi. Nikidaka wanapiga makofi. Nimefikiria sana kama ningeshusha ule mguu. Siku nyingine ninasema ningeshusha tu, nikaingia, nikasimama golini peke yangu, na Afoyo angenifuata kwa hasira, na wengine wangemfuata Afoyo. Siku nyingine ninakumbuka mikono yake kwenye kisigino changu, jinsi ilivyokuwa na joto, na ninaona nilikuwa mahali pangu. Bado miguu haitulii. Jirani yangu wa sokoni ananiambia nitazeeka nikitingisha meza.

Baada ya kilio nilimsindikiza Afoyo mpaka kwenye gari la Tchomia. Kisha badala ya kurudi nyumbani nikazunguka na barabara ya uwanjani. Ni kweli, wameangusha wote. Matofali ya mitaa yote yamechanganywa chungu moja, mekundu na ya njano na meusi, huwezi tena kusema haya yetu. Unaona moja kwa moja kutoka sokoni mpaka kwenye mikaratusi, hakuna cha kuzuia jicho. Lakini mlango wameuacha. Sijui mashine ilichoka, au chuma wanakitaka kwa kazi nyingine. Umesimama peke yake kwenye nguzo zake mbili, buluu imekuwa kutu, umefungwa, na hakuna ukuta kulia wala kushoto. Watu wanakatisha uwanjani na mizigo yao, na nikasimama nikawatazama: anayetoka kushoto anauzunguka kushoto, anayetoka kulia anauzunguka kulia. Mbuzi nao wanauzunguka.

Nilivua viatu nikavishika mkononi. Nikasukuma ubawa mmoja wa chuma kwa bega, ukalia sana, mzee mmoja mwenye baiskeli akageuka kuangalia kisha akaendelea na safari yake. Nikapita. Nilikanyaga pale katikati kwa miguu yote miwili, udongo ulikuwa wa vuguvugu tu, kama udongo. Halafu nikageuka, nikauvuta ule mlango mpaka ukagonga nguzo, nikaufunga.